Si kila mpasuko wa ardhi ni ufa wa kijiolojia

Picha ya ardhi iliyopasuka ikianza kusambaa, maelezo yake huwa ni yaleyale: ufa mpya umejitokeza, Afrika inagawanyika, bahari iko njiani. Korongo la karibu na Mai Mahiu, lililokata barabara ya kwenda Narok Machi 2018 baada ya mvua kubwa, bado linazungushwa kama ushahidi, ingawa wanajiolojia kadhaa walieleza mapema kwamba maji yalikuwa yamezoa majivu laini ya volkeno.

Ufa wa kijiolojia ni mpasuko katika mwamba ambao pande zake mbili zimeteleza, moja ikaipita nyingine. Basi. Kingo zikiachana bila kuteleza, huo ni mwanya, hata uwe mpana wa kummeza ngamia na mzigo wake. Upana si hoja, wala kina. Kuna nyufa zilizoshusha ardhi mamia ya mita na bado pande zake zimebanana kiasi kwamba ukucha hauingii.

Tatizo ni kwamba kuteleza hakujulikani kwa kuchungulia shimo. Kunajulikana kwa kulinganisha matabaka, na hapo ndipo jangwa linapomfaa mchora ramani. Bonde la Afar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, halina msitu wala udongo mzito wa kuficha mwamba. Unafuata tabaka moja unalolitambua hadi linapokatika ghafla, kisha unalitafuta ng'ambo, juu zaidi au chini zaidi. Ile tofauti ya kimo ndiyo inayoonyesha ardhi imeshuka kiasi gani. Usipolipata, au ukilipata kwenye kimo kilekile, huna haki ya kuandika kuwa ardhi imeshuka.

Tabaka la kutumainiwa kuliko yote ni jivu la volkeno, kwa kuwa huanguka kwa muda mfupi juu ya eneo kubwa, na kemia yake huonyesha limetoka katika mlipuko upi. Jivu la Sidi Hakoma, lenye umri wa miaka milioni 3.4 hivi, lipo Hadar, hukohuko Afar, kule kulikopatikana mwaka 1974 mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Jivu hilohilo limetambuliwa katika bonde la Turkana, mamia ya kilomita kusini, ambako huitwa Tulu Bor.

Lava nayo husaidia kupata umri. Ikiwa imekatwa na ufa, ufa ulifanya kazi baada yake; ikiwa imetiririka juu ya ufa na kubaki nzima, ufa ulikuwa umetulia kabla yake. Ukipima umri wa lava hizo mbili, umeubana ufa katikati.

Hata baada ya kazi yote hiyo, ramani haijifanyi inajua kila kitu. Mstari mzima ni ufa ulioonekana, mstari wa vipande ni ufa uliokadiriwa mahali pake, na mstari wa nukta ni ule uliofunikwa na mchanga au lava changa. Laiti vichwa vya habari navyo vingekuwa na mistari ya nukta.

Wapo watakaonitajia volkeno ya Dabbahu, hukohuko Afar. Septemba 2005 ardhi ilifunguka kwa urefu wa takriban kilomita 60, na mahali pengine kwa upana wa hadi mita 8, katika muda wa wiki chache tu. Tukio kubwa kweli, na kweli linahusu kuachana kwa mabamba, yale mapande makubwa ya gamba la dunia. Lakini zile mita 8 hazikuwa ufa. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipenya kutoka chini ikausukuma mwamba huku na huku, na ilipoganda ikabaki kama ukuta wa mwamba mpya uliosimama wima. Nyufa zilikuwa kandokando: zile ambazo upande mmoja uliteleza kwenda chini kwa sababu ya msukumo huo. Picha moja ya angani huonyesha mianya na nyufa pamoja, na anayeandika maelezo chini yake huziita zote kwa jina moja.

Kwa hiyo ukipata picha ya namna hiyo kesho, andika "mpasuko wa ardhi". Ni maneno sahihi, nayo hayamzuii mwanajiolojia kuja baadaye na kuthibitisha kwamba ni ufa.