Lulu Yako Ilianza Vipi? Chungulia Tunduni

Mtu akishafungua leso na kunionyesha mkufu alioachiwa na nyanya yake, swali ni lilelile: hizi ni lulu za kweli? Hilo halichukui muda. Chini ya lenzi ya kukuza mara kumi, lulu ya kweli ina mistari myembamba iliyojipinda kama alama za kidole. Ya bandia, yaani kioo au plastiki iliyopakwa rangi, ni laini tupu, na mara nyingi rangi imeanza kubanduka kwenye tundu la uzi. Masonara wa hapa Kisumu huzisugua kwenye meno. Ya kweli hukwaruza. Sawa, ila lulu ya kufugwa, ile ambayo mtu amemlazimisha chaza kuitengeneza, nayo hukwaruza vilevile, na mimi sitii mdomoni mkufu uliokaa shingoni mwa mtu miaka nenda miaka rudi.

Maana lulu ya kufugwa si bandia. Chaza yuleyule ndiye aliyeitengeneza. Lulu asilia, isiyo na mkono wa mtu, huanza pale chembe za ngozi yake ya ndani, ile inayojenga gamba, zinaposukumwa mahali pasipo pake, pengine kwa jeraha au mdudu aliyepenya. Chembe hizo hujifunga kuwa kifuko na kumwaga tabaka juu ya tabaka la aragonaiti, aina ya madini ya chokaa: visahani vyenye unene wa karibu nusu maikroni (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) vilivyogandishwa kwa protini. Ile hadithi ya punje ya mchanga naisikia kila siku. Mchanga chaza huutema tu.

Mfugaji hulazimisha jambo hilohilo. Humpasua chaza kidogo, akapachika kipande cha ngozi ya chaza mwingine pamoja na gololi iliyochongwa kutoka gamba nene la kome wa mtoni, hasa wa bonde la Mto Mississippi, Marekani. Kokichi Mikimoto wa Japani alipata lulu za nusu duara mwaka 1893. Za mviringo kamili zilipofika sokoni mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara wa lulu asilia walitetemeka, na ndipo maabara za kuzipima zikaanzishwa Ulaya.

Sasa tundu. Naelekeza mwanga mkali, nachungulia. Ikiwa ni ya kufugwa yenye gololi, karibu na mdomo wa tundu naona mstari wa kahawia: nje yake ngozi ya lulu, wakati mwingine nyembamba kuliko nusu milimita, na ndani gololi nyeupe. Nikiizungusha lulu mbele ya taa, michirizi ya gololi hujitokeza imenyooka sambamba, kwa kuwa ilikatwa kwenye gamba. Lulu asilia ni duara ndani ya duara hadi katikati. Tofauti hiyo ndiyo iliyotumiwa na chombo cha miaka ya 1920 chenye sindano na vioo viwili vidogo: ndani ya lulu asilia mwanga huzunguka na tabaka na kurudi kwenye kioo cha pili, kwenye gololi hunyooka na kutokea nje.

Siku hizi kazi hiyo ni ya eksirei, tena hata lulu isiyotobolewa hupimwa. Eksirei pia huzifanya lulu za maji baridi, yaani za mito na maziwa, zing'ae, kwa sababu zina madini ya manganizi mengi kuliko za baharini. (Wanaoniuliza kuhusu kome wa Ziwa Victoria: ndiyo, wanaweza kufanya lulu, lakini sijaona ya kununulika.)

Zinazosumbua kweli ni zile zinazofugwa China kwa kipande cha ngozi peke yake, bila gololi. Tunduni hakuna mstari wa kutafuta. Dalili ni uwazi mdogo usio na umbo maalumu katikati ya lulu, na kuuona kunataka skana inayopiga picha vipande kwa vipande. Hata hapo wataalamu hubishana. Mkufu wa aina hiyo simwandikii mtu cheti cha "asilia". Namwelekeza maabara ya nje yenye skana hiyo, kwanza tukihesabu kama thamani yake italipia safari.