Uvimbe wa ovari: seli za saratani haziishi peke yake

Hapa Tanga mama wa makamo, awe wa Muheza, Pangani au Ngamiani, mara nyingi hufika hospitali akiwa ameshamaliza dawa za gesi na za vidonda vya tumbo. Tumbo limejaa, sketi haifungi, akila matonge mawili matatu ameshiba, na haja ndogo haimpi nafasi ya kulala. Ultrasaundi inaonyesha maji tumboni na uvimbe kwenye ovari, yaani kiungo cha mwanamke kinachotoa mayai. Ndugu zake huuliza: "Daktari, si maji yatolewe na uvimbe ukatwe, yaishe?" Ni swali la msingi, na sehemu kubwa ya jibu imo kwenye maji hayohayo.

Maji yakivutwa kwa sindano huwa ya manjano, pengine yana damu. Maabara tunayazungusha kwenye mashine ili seli zitue chini, tunazipaka kwenye kioo, tunazitia rangi, ndipo tunaziangalia kwa hadubini. Zinaonekana seli za saratani, viini vyake vikubwa na vimekolea rangi, zimeshikana vifundo vifundo. Zimechanganyika na seli za utando wa tumbo zilizobanduka, na seli za kinga pia: limfositi, na makrofaji ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki. Vile vifundo si jambo dogo. Seli ya saratani ikielea peke yake hufa kwa urahisi. Zikishikana, za ndani zinasalimika na dawa huzifikia kwa shida.

Hata seli za saratani zenyewe hazifanani. Aina inayowapata wanawake wengi zaidi, nayo ni kali, mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi. Karibu kila uvimbe wa aina hiyo una hitilafu kwenye jeni ya TP53, inayozuia seli yenye kasoro isiendelee kugawanyika. Jeni hiyo ikiharibika, kasoro huzaa kasoro, na ndani ya mgonjwa mmoja zinatokea koo kadhaa za seli, kila ukoo na tabia zake. Dawa za saratani, carboplatin na paclitaxel, huua nyingi, uvimbe unasinyaa, mama anapata nafuu ya kweli. Ukoo uliostahimili dawa ndio unaoweza kurudisha ugonjwa baadaye.

Tena seli hizo zina wa kuzilisha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba seli za mafuta za omenta, ule utando wa mafuta unaofunika utumbo kwa mbele, huzipa seli za saratani mafuta, nazo huyatumia kupata nguvu ya kukua. Saratani hii hupenda kuenea huko, ndiyo maana daktari wa upasuaji huondoa na omenta. Familia ikisikia hivyo isidhani amezidisha.

Kinga ya mwili nayo imo, ila huzuiwa njiani. Seli zinazoitwa fibroblasti hutandaza nyuzi za kolajeni kuuzunguka uvimbe, na makrofaji zilizokwisha kugeuzwa hutoa kemikali za kuzituliza seli T, aina ya limfositi ambayo ndiyo ingeua saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulipima vivimbe 186: waliokuwa na seli T ndani ya uvimbe, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka 5; wasiokuwa nazo, asilimia 4.5 tu. Kwangu mimi hakuna takwimu inayoonyesha waziwazi zaidi kwamba majirani wa seli ya saratani wana uzito sawa na seli yenyewe.

Na maji je? Seli za saratani hutoa protini inayochipusha mishipa mipya ya damu na kuifanya ivuje. Kuyatoa kunampumzisha mgonjwa, lakini chanzo kisipotibiwa yanajaa tena.

Kwa hiyo mama, dada, tumbo likijaa au ukishiba upesi karibu kila siku kwa wiki mbili tatu, usiendelee kununua dawa za gesi. Nenda hospitali ya wilaya au hospitali ya mkoa ya Bombo uombe kupimwa. Kipimo cha mlango wa kizazi hakionyeshi saratani ya ovari, hata kikitoka safi. Kama kwenu mama, shangazi au dada aliugua saratani ya matiti au ya ovari, mwambie daktari bila kungoja akuulize. Ukifanyiwa upasuaji, hakikisha kinyama kilichotolewa kimepelekwa patholojia, maabara inayochunguza vinyama kwa hadubini, udai majibu kwa maandishi, na uende nayo Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ukipewa rufaa.