Je, wajua? Ukuta usiopitisha mawimbi huisaidiaje antena kufika mbali?

Antena haizalishi nguvu. Ukiiingizia wati moja, hazitatoka mbili. Antena inayosifiwa kwa kufika mbali huibana tu nguvu ileile iwe mwale mwembamba, kama tochi inavyofanya na balbu yake ndogo. Kazi hiyo tumeizoea kwa sahani zilizopinda kama ungo. Lakini ipo njia nyingine, inayoonekana kama kichekesho: kuifunika antena kwa kitu kinachozuia mawimbi.

Kitu hicho huitwa fuwele ya fotoni. Mwaka 1987 wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba maada ikipangwa kwa mpangilio unaojirudia, mfano matundu yaliyo safu kwa safu, kuna mawimbi ya masafa fulani (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ambayo hayataweza kupita ndani yake. Kila safu hurudisha sehemu ndogo ya wimbi. Nafasi kati ya safu zikioana na urefu wa wimbi, marejeo hayo madogo hupigana jeki, na wimbi zima hurudi lilikotoka. Kwa mwanga, matundu yake ni madogo mno kuyatengeneza kwa urahisi. Kwa maikrowevu ya gigahezi 10, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 3, keekee inatosha! Yablonovitch na wenzake walitoboa matundu ya namna hiyo wakapata fuwele yao mwaka 1991.

Sasa chukua bati la chuma, weka juu yake antena ndogo, kisha ifunike kwa tabaka chache za fuwele hiyo, ukiacha uwazi wa takriban nusu wimbi, yaani sentimita 1.5. Mawimbi hudundadunda kati ya bati na kifuniko, yakisambaa pembeni, na kila yakigonga kifuniko, kwa kuwa tabaka zake ni chache, kiasi kidogo huvuja nje. Yanayokwenda wima hukuta uwazi unayatosha, hivyo mivujo yake hutoka kwa hatua moja na kujumlishana. Yaliyoinama hayaoani na uwazi, yanadhoofika. Matokeo yake, kifuniko chote kinang'aa kana kwamba ni antena moja kubwa, na eneo la kurushia likiwa pana, mwale huwa mwembamba.

Bei yake ni ukanda wa masafa, yaani upana wa masafa ambayo antena inaweza kuyatumia. Uwazi uliopimwa kwa gigahezi 10 hautaifaa 11, na kadiri kifuniko kinavyozuia zaidi, ndivyo mwale unavyokuwa mkali na ukanda wa masafa unavyobanwa. Mhandisi anayetaka kurusha data nyingi kwa mkupuo hapo hukuna kichwa, kwa sababu data nyingi huhitaji ukanda mpana.