Waifai ya wateja: kuingia kusiwe kesi

Wenye maduka na hoteli hapa Kisumu wakiweka waifai ya wateja, wengi huanza na nywila moja iliyobandikwa ukutani. Nywila hiyo hufika mtaa wa Kondele kabla ya jioni. Baada ya wiki, jirani anapakua filamu usiku kucha, na mteja aliyeketi mezani hawezi hata kutuma ujumbe.

Kinachofaa ni ukurasa wa kuingilia. Simu ikishika mtandao wako, yenyewe hutuma ombi dogo kupima kama intaneti ipo. Rauta hulinasa ombi hilo na kumletea mteja ukurasa wako. Anaandika namba ya vocha, inakaguliwa, kisha anafunguliwa njia kwa muda na kasi uliyopanga, tuseme dakika 60 kwa Mbps 2. Duka moja linaweza kutunza vocha ndani ya rauta yenyewe. Mwenye matawi kadhaa aweke seva moja ya RADIUS, yaani kompyuta inayokagua vocha za matawi yote, ili vocha ya tawi la Kibuye ikubalike na la Milimani.

Muda uhesabiwe kwa vocha, si kwa anwani ya MAC, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutoa anwani ya bandia kwa kila mtandao, na anwani hiyo inaweza kubadilika. Ukihesabu kwa anwani hiyo, mteja aliyelipa atajikuta amefungiwa nje, na mjanja atapata muda wa bure upya.

Ukitoza kwa M-Pesa, ombi la kuweka PIN huja kwa laini ya simu, kwa hiyo mteja hahitaji bando. Lakini kuiuzia umma intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ulizia hilo kabla ya kununua vifaa.

Sasa jambo linalotuumiza zaidi. Kuna kurasa zinazomdai mtu jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, eti asome barua pepe akisubiri chai. Za nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji. Taarifa hizo zikivuja na kuwaweka wateja hatarini, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data. Vocha ya karatasi haihitaji jina la mtu. Ukilazimika, chukua namba ya simu pekee, mwambie mteja utaitunza hadi lini, na siku hiyo ikifika uifute kweli.

Tena, ukurasa wa kuingilia haufichi chochote kinachopita hewani. Weka ulinzi wa waifai wa WPA2 au WPA3, unaoficha mawasiliano kwa nywila, juu yake, na uwashe mpangilio wa kutenganisha wateja, simu moja isiweze kuchungulia nyingine.

Kabla ya kufungua, jaribu kila kitu kwa simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, si kwa kompyuta ya fundi. Picha kubwa za matangazo zikichelewesha ukurasa, ziondoe.