Ikoni yako haina rangi, ina namba

Jana nimeletewa tena ikoni ya upanga na swali lile lile: "Nimehesabu, rangi hazizidi 256, mbona kwenye mchezo inatoka zambarau?" Ndugu yangu, mchezo haukuulizi una rangi ngapi.

Kwenye picha ya paleti, kila pikseli ni namba, kuanzia 0 hadi 255. Basi. Rangi zimekaa kwenye paleti, yaani orodha ya rangi yenye nafasi 256: baiti 768, tatu kwa kila nafasi. Na michezo mingi ya zamani haiangalii kabisa paleti uliyoihifadhi ndani ya ikoni: inasoma namba, kisha inaitafuta kwenye paleti yake yenyewe. Kwenye Doom ya 1993, namba 112 ni kijani, hata kama kwako nafasi hiyo ulikuwa umeweka dhahabu. Tena kijani hicho, 112 hadi 127, ndicho mchezo unachokibadilisha kuwa kijivu, kahawia au nyekundu ili wachezaji watofautiane. Kinabadilishwa kwa namba, si kwa rangi.

Kwa hiyo ukiwa kwenye GIMP, ile programu ya kuhariri picha, usiiachie ikutungie paleti. Ipe paleti ya mchezo, halafu toa alama kwenye kisanduku cha kufuta rangi zisizotumika. Ukiiacha, nafasi tupu zinafutwa, zilizobaki zinasogea kuziba mapengo, na upanga wako unaharibika huku kwenye skrini yako unang'aa vizuri kabisa.

Linalonichosha zaidi ni weusi. Paleti nyingi zina nyeusi mbili: moja iko nafasi ya 0, ambayo michezo mingi huihesabu kuwa uwazi, nyingine iko mbele huko, ndiyo nyeusi ya kuchorea. Kwa macho hazitofautiani hata chembe. Programu inapobadilisha picha inatafuta rangi inayofanana, inakutana na 0 kwanza, inaichukua. Upanga ule wa jana niliukuza mara nane: mstari wote wa pembeni ulikuwa 0. Ndani ya mchezo mstari ukatoboka, rangi ya menyu nyuma yake ikapenya. Zambarau aliyoiona ilikuwa ya menyu!

Dawa yake: kabla ya kubadilisha, tengeneza nakala ya paleti, nafasi ya 0 uipake waridi kali ambayo haimo popote kwenye mchoro. Sasa nyeusi imebaki moja. Ukimaliza, irudishie 0 rangi yake.

Kuhusu kutawanya nukta ili rangi zionekane nyingi, kwenye ikoni ya pikseli 32 kwa 32 mimi huzima. Ila kwenye chuma kinachong'aa nimewahi kuzima, nikawasha, nikazima tena, na bado sijaridhika na upande wowote.

Kabla hujanitumia faili nyingine, weka kichagua rangi juu ya mstari wa pembeni, usome namba. Ikiwa 0, tatizo umeshalipata.