Je, wajua kwa nini gari lililotoka Dar huishiwa pumzi likifika Mbeya?

Nilipohamia Mbeya nikitokea Dar es Salaam, kitu cha kwanza kilichonishangaza hakikuwa baridi wala ndoo za parachichi kando ya barabara. Ulikuwa mguu wangu wa kulia. Toyota IST yangu ya injini ya lita 1.5, ambayo kule Dar ilikuwa ikiguswa tu inaondoka, huku ilitaka pedali izame hadi karibu na zulia. Kwenye Mlima Nyoka nililisamehe, mlima ni mlima. Lakini hata kwenye tambarare ya Uyole gari lilikuwa zito, kana kwamba kuna watu watatu wamekaa kiti cha nyuma bila kunisalimia.

Jibu la swali hili ni fupi: hewa ya Mbeya ni nyepesi, na injini hula hewa kabla haijala petroli. Ila mimi sikufika hapo moja kwa moja. Nilipitia majibu mawili yasiyo sahihi, na yote mawili bado nayasikia kila wiki kwenye gereji za Mwanjelwa.

La kwanza lilikuwa mafuta. Nilijaza tangi mara tu nilipoingia mjini, gari likawa halivuti, hesabu ikajifunga yenyewe kichwani: nimeuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Nikahama kituo. Nikahama tena. Mwishowe nikawa naendesha kilomita kadhaa kwenda kwenye kituo "kinachoaminika", nikichoma petroli kutafuta petroli. Sisemi uchakachuaji ni hadithi. Upo, ndiyo maana mafuta ya soko la ndani huwekewa vinasaba, yaani kemikali maalum ya kuyatambulisha. Lakini petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwa na tabia zake: injini inagonga ukikanyaga, inasumbua kuwaka, inatikisika ikiwa imesimama, inatoa moshi na harufu isiyo ya kawaida. Gari langu halikuwa na hata moja kati ya hizo. Liliwaka vizuri na kunguruma kwa utulivu, likakosa nguvu tu. Na lilikosa nguvu kwa kiasi kilekile kwa mafuta ya vituo vyote vitatu, jambo lililopaswa kunizindua mapema.

Jibu la pili nililipata kwa fundi. Aliinamia injini, akasikiliza, akafunga boneti. "Bosi, hii ni baridi. Gari za Dar hazijazoea." Nikamwamini kwa sababu na mimi nilikuwa sijazoea. Tukabadilisha plagi nne, filta ya hewa, tukasafisha nozeli. Gari lilitoka gereji likiwa safi na zito vilevile.

Hapa ndipo penye kichekesho, kwa sababu baridi ndiyo mshitakiwa pekee katika kesi hii ambaye alikuwa anajaribu kunisaidia. Hewa ya baridi hujikunja, hukaa pamoja, kwa hiyo lita moja ya hewa baridi ina uzito mkubwa kuliko lita moja ya hewa ya moto. Injini huipenda. Watengenezaji wa magari yenye tabo, ile feni ya kushindilia hewa kwenye injini, hutumia fedha nyingi kufunga intakula, kifaa ambacho kazi yake yote ni kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Mbeya intakula hiyo tunapewa bure kila alfajiri ya Juni. Baridi ina dhambi zake ndogo: oili ni nzito asubuhi, na gari la gia otomatiki huchelewa kupanda gia hadi injini ipate moto, hivyo dakika chache za mwanzo gari huwa la uvivu. Likishapata moto, dhambi hizo zimefutwa. Langu lilikuwa zito hata saa nane mchana wa Oktoba, wakati Mbeya ina jua la kuanika mahindi.

Basi tuje kwenye hewa yenyewe. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Reli ya TAZARA, inayoanzia Dar karibu kabisa na bahari, hufikia kilele chake hapa Uyole, karibu mita 1,790, kisha ikaendelea kwenda Kapiri Mposhi, Zambia. Yaani anayeishi Uyole anaishi mahali ambapo treni imemaliza kupanda.

Fikiria magodoro kumi yaliyopangwa moja juu ya jingine dukani. Godoro la chini kabisa limebanwa na uzito wa yale tisa. La juu limejiachia, limevimba. Ni sponji ileile, kiwanda kilekile, ila la chini ni zito zaidi kwa kila inchi ya unene wake. Hewa imepangwa hivyo hivyo. Dar iko kwenye godoro la chini. Mbeya tuko godoro la pili au la tatu, ambako hewa haijabanwa sana. Kwa mita 1,700 mgandamizo wa hewa unapungua kwa asilimia 18 hadi 19 hivi ukilinganisha na pwani.

Watu wengi hulieleza hili kwa kusema "juu oksijeni ni ndogo", na husikika kama vile mtu amechuja oksijeni akaacha gesi nyingine. Hapana. Hewa ya Mbeya ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Kigamboni. Mchanganyiko haujabadilika. Kilichopungua ni wingi wa mzigo mzima ndani ya chombo kilekile.

Na hapa, kwa kuwa tuko Mbeya, acha nitumie viazi.

Injini ni kibarua anayehesabu magunia, hahesabu kilo. Injini ya lita 1.5 huvuta lita moja na nusu ya hewa, au karibu na hapo ukiwa umekanyaga hadi mwisho, kila inapozunguka mara mbili. Hilo ndilo gunia lake, na ukubwa wake ni chuma. Haliongezeki wala halipungui, uwe Kariakoo au Isyonje kule juu milimani. Kule Dar kila gunia linakuja limeshindiliwa. Mbeya linakuja limejazwa kwa mkono mwepesi, viazi vimekaa kwa nafasi. Kibarua amebeba magunia yaleyale, kwa kasi ileile, ametoka jasho lilelile, lakini mizani ikipima, kilo ni pungufu.

Sasa, mpishi anayepokea viazi hivyo ana masharti. Ili petroli iungue vizuri inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kompyuta ya gari inalijua hilo, na sensa zake zinapima hewa iliyoingia. Ikiona hewa ni pungufu, inapunguza na petroli. Hewa kidogo, petroli kidogo, moto mdogo, msukumo mdogo kwenye pistoni. Hakuna kilichoharibika. Gari langu lilikuwa linafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa wakati mimi nalibadilishia plagi.

Hesabu yenyewe inafurahisha. Chukua Dar yenye nyuzi 30 na Mbeya yenye nyuzi 18. Mgandamizo peke yake ungeninyang'anya asilimia 18 na ushee ya hewa. Baridi inarudisha sehemu ya deni, na pungufu halisi inabaki kama asilimia 15. Asubuhi ya nyuzi 8 pungufu ni kama asilimia 12. Mchana wa nyuzi 27 inakaribia 18. Injini ya IST yangu iliandikwa kiwandani kuwa na nguvu za farasi 109. Toa asilimia 15, wanabaki farasi 93 hivi. IST ya lita 1.3 iliandikwa 87. Kwa hiyo niliondoka Dar na gari la 1.5, nikafika Mbeya na gari linalokaribia la 1.3, na kadi ya gari haikubadilika. Hesabu hii ni ya makadirio, nakiri: gari lililotembea miaka kumi na tano halina tena farasi wote wa kiwandani, iwe pwani au mlimani.

Mbona basi malori ya kwenda Tunduma hayalalamiki sana? Yana tabo. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo kazi yake ni kushindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Kwa lugha ya sokoni, tabo inapiga lumbesa. Gunia ni lilelile, ila limejazwa hadi likafungiwa kilemba cha kamba juu. Serikali imekuwa ikipiga vita lumbesa ya viazi kwa miaka mingi, na mkulima anajua sababu. Lumbesa ya hewa hakuna anayeilalamikia. Tabo nayo ina mwisho wake, lakini kwa urefu wa Mbeya injini yenye tabo hupoteza nguvu kidogo sana ikilinganishwa na isiyo nayo.

Kilichonimaliza ubishi ni safari ya Kyela. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, na uso wa ziwa lenyewe uko kama mita 475 tu juu ya bahari. Kutoka huko unapanda Tukuyu, unafika Isyonje kwenye njia panda ya Matamba na Kitulo, kisha unashukia Uyole. Chini kuna michikichi na kakao, juu kuna viazi na watu waliovaa makoti mchana. Ni mkoa mmoja na siku moja. Nilijaza tangi Mbeya, kwenye kituo kilekile nilichokuwa nikikishuku. Kyela, kwenye kipande kilichonyooka kisicho na kibao cha 50 wala askari mwenye tochi, nilikanyaga kutoka 50 hadi 80 huku shemeji yangu akipima kwa simu. Gari la Dar lilikuwa limerudi. Tuliporudia zoezi kwenye tambarare ya Uyole, na petroli ileile tangini, na shemeji yuleyule, tofauti ilizidi sekunde moja kila mara. Shemeji alidai ni kwa sababu alikula sana Tukuyu. Nadhani alikuwa anatania, lakini ndizi zilikuwa nyingi kweli. Chupa tupu ya maji tuliyoifunga kizibo Isyonje tukishuka ilikuwa imefika Kyela imebonyea mbavu, ikiwa imebeba hewa ya juu na kubanwa na hewa ya chini.

Ukiendelea kupanda hadi uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600, zaidi ya robo ya mgandamizo inakuwa imeondoka. Huko gari dogo lililojaa abiria ni somo la subira.

Kuna mambo mawili ya pembeni ambayo yananifurahisha kuliko inavyostahili. Moja, mlimani injini huvumilia petroli dhaifu zaidi. Hewa nyepesi ikigandamizwa kwenye silinda haifikii mgandamizo ule wa pwani, hivyo petroli haikimbilii kulipuka kabla ya wakati wake. Marekani, majimbo ya milimani kama Colorado huuza petroli ya oktani 85 (oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka mapema), ilhali kwingi nchini humo ya kawaida huanzia 87. Desturi hiyo ni ya enzi za kabureta, kifaa cha kuchanganya hewa na petroli bila kompyuta, na wenye magari mapya hushauriwa wafuate kitabu cha gari. Hata hivyo inachekesha kwamba nilishuku mafuta mahali ambapo injini ingeyasamehe zaidi kuliko Dar.

Jingine ni bodaboda. Pikipiki nyingi bado zina kabureta, na kabureta haina sensa ya kuiambia kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumwaga petroli kama iko pwani, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inakuwa nyeusi. Kwa hiyo mwenye pikipiki iliyotoka bondeni anayelalamika kwamba inakula mafuta Mbeya anaweza kuwa na haki kamili. Mwenye gari la sindano za mafuta, sina hakika naye. Hewa nyepesi pia inalizuia gari kidogo zaidi barabarani, na hiyo ni nafuu. Milima inaila nafuu hiyo. Langu, kwa jumla, silioni limebadilika sana.

Na tairi? Nilitegemea zije zimevimba, kwa mantiki ya chupa, maana hewa ya nje ikilegea, iliyo ndani inajitutumua. Kwa urefu huu kipimo kilipaswa kuongezeka karibu psi 3. Nikaenda asubuhi kwa kijana wa upepo pale Mafiati, nikamwambia azipunguze, zimetoka Dar na psi 32. Akapima ya kwanza, akapima ya pili, akanitazama. Zote 32. Urefu ulikuwa umeongeza, baridi ikapunguza karibu kiasi kilekile, na mimi nikalipia kupimiwa.