Si lazima kumaliza mkopo wa nyumba kwanza

Wengi tumelelewa na kauli hii: ukipata kitita, tuseme kiinua mgongo, maliza mkopo wa nyumba kwanza. Si kweli kila mara. Linganisha riba unayotozwa na faida inayobaki mkononi baada ya kodi. Nchini Kenya, hati fungani ya miundombinu (yaani unaikopesha serikali pesa za kujengea miradi, nayo inakulipa riba) ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 kwa mwaka, bila kodi. Mwenye mkopo wa asilimia 9 angejinyima mengi kwa kukimbilia kuulipa. Lakini mkopo ukiwa wa asilimia 16, na hati ya kawaida ya miaka 10 ikitoa 13, kodi ya asilimia 10 ya faida hiyo inakuachia 11.7 tu. Hapo lipa deni, tafadhali. Ila tenga kwanza akiba ya dharura. Pesa ikishaingia kwenye mkopo, kuitoa tena ni kazi.